Marlys Tveit na Simu Zisizoombwa

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari, Marlys Tveit anavua hedifoni na kustaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya bima ya afya hapa Duluth kwa miaka ishirini na sita. Wakubwa wameniomba niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha sherehe. Mfupi nitajaribu. Wa kuchangamsha, tutaona, maana kazi yenyewe tunaijua: kumpigia simu mgonjwa au mjamzito ambaye hakukuomba, hakujui, na hana hamu ya kukusikia.

Marlys alitujia kutoka wodi ya wazazi, mgongo umechoka kuinua watu. Alidhani anakuja kukaa kitako. Siku ya kwanza tu mama mwenye kisukari alimwita mwizi, na mzee mmoja mgonjwa wa moyo akamuuliza kama haoni haya kusumbua watu wanaotaka kufa kwa amani. Marlys alicheka mpaka machozi, akafungua bakuli lake la viazi na nyama ya kusaga, akala, kisha akampigia tena yule wa kufa kwa amani. Mzee yuko hai. Kila Krismasi humletea samaki wa moshi, na mpaka leo humwita mbea.

Mimi nimekaa meza iliyo jirani na yake miaka yote hii, kwa hiyo najua asichokisema kwenye sherehe. Marlys ni mwoga. Mtu akimkatia simu, rangi inamtoka. Hukaa akitazama dirisha, kisha huipiga tena namba ileile. Wapo waliomcheka. Wenzangu, nawaambia woga huo ndio uliowafikisha watu hospitali.

Nitaeleza kisa kimoja cha miaka iliyopita. Mama mwenyewe amekubali kisimuliwe, ila jina nimelibadili: tumwite Annika Rautio.

Kompyuta yetu humjua mjamzito kabla ya mama mkwe wake. Daktari akituma tu madai ya malipo ya kipimo, jina linatokea kwa muuguzi, na muuguzi anapiga. Annika alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Hii ya tatu, iliyofika mwezi wa sita, aliificha chini ya masweta makubwa ya mumewe, na zaidi ya mumewe na daktari hakuna aliyeambiwa. Aliogopa hata kuitaja kwa sauti. Hebu fikiria basi simu inalia mchana wa Januari, dhoruba ya theluji nje, na sauti ya mgeni.

"Habari za mchana, mama. Mimi ni Marlys, muuguzi kutoka bima yako ya afya. Kabla hatujaendelea, naomba tarehe yako ya kuzaliwa."

"Umenipigia wewe, na tarehe nitoe mimi? Kwanza unataka nini?"

"Siwezi kusema mpaka unipe tarehe."

"Haa! Matapeli wa siku hizi mna adabu kweli! Nani kakupa habari zangu?"

"Sijataja habari yoyote, mama."

"Basi zitaje!"

"Tarehe kwanza."

Mimi, nikisikiliza kwenye spika ya simu yake, nilikuwa nimeziba mdomo kwa kicheko. Sheria ndiyo hiyo: hugusi afya ya mtu kabla hujajua kuwa unazungumza na mwenyewe. Sheria nzuri sana, ila upande wa pili inasikika kama wizi mtupu. Annika akamwambia asipige tena maishani mwake, vinginevyo atawaita polisi.

Lakini huku kwetu hakuna anayejua kuaga na kuondoka. Hata aliyekugombeza atakuuliza barabara ikoje, mvua au theluji imefika wapi, mama yako hajambo. Mnaweza kuagana nusu saa mkiwa mmeshika kitasa cha mlango. Marlys aliutegemea sana ugonjwa wetu huu. Alikuwa akituambia kwamba mtu wa hapa ukimuuliza hali atakwambia si mbaya sana hata kama mguu umekatika, na la kweli utalisikia wakati wa kwaheri. Kwa hiyo hakukata.

"Haya, mama, samahani kwa usumbufu. Huko theluji ni nyingi?"

"Wee acha tu. Hata sijui kama ni theluji au ni macho yangu, tangu asubuhi naona vimulimuli. Na kichwa hiki nacho tangu jana hakinipi nafasi. Haya, kwaheri."

Kicheko kilinikauka. Marlys alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Yeyote aliyefanya kazi wodi ya wazazi anajua kichwa hicho na vimulimuli hivyo vinaelekea wapi: kifafa cha mimba, na kinaua mama na mtoto pamoja.

"Mama, usikate. Usinipe jina wala tarehe, sivitaki tena. Nakueleza habari za mwanamke yeyote tu, wa popote. Mwanamke mwenye mimba akiumwa kichwa hivyo na kuona vimulimuli, haendi kulala. Anakwenda hospitali sasa hivi. Pete yako inatoka kidoleni?"

Niliposikia tena ile sauti kwenye spika ilikuwa imekuwa ndogo.

"Niliivua Jumapili. Ilikuwa inanibana."

"Na hapa chini ya mbavu, upande wa kulia?"

"Panauma. Nilidhani ni kabichi." Halafu akaanza kulia. "Usiniambie inatoka na hii. Tafadhali usiniambie."

"Sijasema hivyo. Nani yuko karibu nawe?"

Mume alikuwa msituni na lori la magogo, simu haimpati. Gari la wagonjwa lingechelewa, barabara ilikuwa imefukiwa. Ng'ambo ya barabara aliishi mama mkwe, mwenye gari kubwa lenye sepetu la kusukumia theluji mbele yake.

"Huyo hajui," Annika alisema. "Hajui kabisa."

"Atajua leo, mwanangu. Mpigie kwa simu yako ya mkononi. Hii iache wazi, nisikie."

Tulisikia mlango ukibamizwa na sauti ya mwanamke mtu mzima: "Wewe Annika, kuna nini cha kunitoa nje kwenye dhoruba hii, au umeunguza—" Ikakatika. Nadhani aliuona uso uliovimba, akaliona na tumbo. "Yesu wangu. Miezi mingapi? Usinijibu. Vaa buti. Niegemee mimi, hivyo hivyo."

Wakatoka. Simu ikabaki mezani. Marlys aliendelea kuisikiliza nyumba tupu, friji likinguruma na mbwa akilia mlangoni, mpaka mbwa naye akanyamaza. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mchana ule, na mimi sikuwa nimesema neno hata moja.

Hatukuruhusiwa kuuliza hospitali. Siku zikapita, Marlys hali, mwili unamwisha. Mkubwa alimwita akampa onyo kwa kuzungumzia ugonjwa bila tarehe. Siku ileile ikaja simu ya mama mkwe, anamtaka "yule mwanamke asiyejua kuaga." Annika alishikwa na kifafa ndani ya gari, kwenye lango la hospitali. Wakampasua. Mtoto wa kike, mdogo kama mkate, akakaa kwenye mashine ya joto mpaka theluji ikayeyuka. Wote wawili wazima. Mkubwa aliposikia alileta keki, lakini onyo hakulifuta.

Sasa mnauliza kwa nini anaondoka wakati bado ana nguvu. Vuli iliyopita mjamzito mmoja alimkatia simu kwa matusi mazito. Marlys alimimina kahawa, akanywa taratibu, akaanza kuniuliza habari za mapazia. Ghafla akaweka kikombe chini.

"Jolene, sikuogopa."

"Si afadhali, dada? Umeteseka vya kutosha."

"Afadhali kwangu. Kwake je?"

Akampigia tena yule mama, akatukanwa tena, akahakikisha kuwa ni mzima. Kisha akaenda kwa mkubwa kuaga.

Marlys, idara nzima inakushukuru. Mgongo upate nafuu, barafu ya ziwa ivunjike mapema mwaka huu ukavue samaki wako mwenyewe, na simu yako ilie kwa wajukuu tu. Jumatatu laini yako inahamia mezani kwangu. Tangu jana usiku nasikia kichwani sauti za wanawake wanaokata simu. Nenda kapumzike, dada yangu. Naogopa vya kutosha.