Fundi Matone, Aliyebadilisha Gasketi Moja Mara Tatu

Wasifu huu marehemu aliusimamia mwenyewe akiwa kitandani, binti yake akiandika. Aliagiza usomwe na kaka yake mkubwa, tena bila kuupitia kwanza. Wanaowafahamu wanajua kwamba ndugu hawa hawakusemezana kwa miaka tisa, kwa hiyo tunamshukuru kaka mtu kwa kukubali, na tunamwomba asome hadi mwisho hata pale atakapotamani kukunja karatasi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa magari. Alimaliza shule ya msingi, kisha akasoma ufundi miaka miwili, ambako aliongoza darasa kwa mikono na kushika mkia kwa kalamu. Mwaka 1988 yeye na kaka yake walirithi gereji ya baba yao. Marehemu alijikita kwenye giaboksi za otomatiki, hasa zinazovuja, na watu wakambandika jina la Fundi Matone. Aliweza kulala uvunguni saa nzima akisubiri tone moja la mafuta lidondoke kwenye kipande cha boksi. Akishalipata analinusa, analisugua kati ya vidole, ndipo anatoa hukumu: "Haya mekundu bado mazima. Yangenukia kuungua, ungekuwa umechelewa."

Tarehe 14 Juni 1997 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, wakajaliwa binti mmoja. Mama mkwe alimpenda, ila hakuacha kumwuliza ni lini atapata kazi ya kuvaa shati jeupe.

Mwaka 2015 gari la mama mkwe huyo lilianza kuacha dimbwi jekundu uani. Marehemu aliingia chini, akaona sampu, bakuli la mafuta chini ya giaboksi, imelowa chepechepe, akabadilisha gasketi yake ya kuzuia mvujo. Likavuja. Akabadilisha tena, safari hii akikaza bolti mpaka moja ikakatika. Likavuja vilevile. Alipokuwa anafunga ya tatu, mbele ya wakwe wote, kaka yake alichungulia.

"Bwana mdogo, osha kwanza," alisema. "Hayo mafuta yanatoka kwenye paipu ya mbele, pale karibu na rejeta. Gari likitembea, upepo unayasukuma nyuma. Wewe unatibu palipolowa tu."

Wakwe wakaangua kicheko. Marehemu alijiona amevuliwa nguo hadharani.

"Kama unajua sana, kajenge gereji yako!"

Kaka akajenga kweli, tena papo hapo jirani, na ukuta katikati. Baba yao alikuwa amewaachia jeki moja tu ya maana, nayo kwa miaka tisa ilipitishwa kwenye tundu la ukuta bila salamu.

Mapema mwaka 2024 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Alinunua viatu vikubwa zaidi. Vikabana, akanunua vingine. Tarehe 4 Oktoba daktari alimwambia, "Mzee, miguu haina kosa. Maji yanajaa huko chini kwa sababu moyo umechoka." Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Kisha akalia. Halafu akamwambia binti yake alete kalamu.

"Andika," alisema. "Siku ileile, wakwe walipoondoka, niliosha gari. Nikakuta ni paipu ya mbele, kama kaka alivyosema. Nikabadilisha pete ndogo ya mpira, dakika kumi. Kesho yake mama mkwe akanisifu kwa mikono ya dhahabu, nami nikanyamaza. Kaka alikuwa sahihi. Nimemkosea miaka tisa."

Binti alimsihi ampigie simu. Alikataa. "Nilimbishia mbele za watu, nitamwomba radhi mbele za watu."

Alifariki Alhamisi, tarehe 21 Novemba 2024, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, binti, mama mkwe, ambaye habari ya paipu ndiyo kwanza anaisikia na anaombwa aendelee kukaa, na kaka mmoja ambaye marehemu alimkumbuka kila siku kutoka upande wa pili wa ukuta.

Ile kauli ya mwisho, ya kumtakia pumziko la amani, haikuchapwa hapa. Marehemu alisema hataipokea kwa mtu mwingine kabla ya kaka yake. Baba mkubwa, ukiwa tayari, iseme wewe kwanza. Sisi tunasubiri.