Wirich wa Ellernbach, Mdhamini wa Kura ya Bwana Wake

Padri Ludolf, ndugu, majirani, na wewe karani wa bwana wetu uliyeketi pale mbele na kisanduku chako magotini, mimi ni Hertwin, mdogo wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia yake, na mtanisamehe kwamba maandishi ameyashika Gude, binti yake, nami nimeweka mikono mgongoni, sababu mtaijua kabla hatujamaliza.

Marehemu Wirich alizaliwa kijijini Ellernbach tarehe 16 Oktoba 1272, mtoto wa kwanza wa mzee Kuno na mama Jutta, akasomeshwa zaburi na paroko majira matatu ya baridi, kisha akiwa na miaka kumi na miwili akapelekwa kwa mjomba kujifunza farasi na upanga, ambako walisema mkono wake mzito lakini neno lake zito zaidi, sifa ambayo baba yetu aliifurahia mno na mimi nimeichukia maisha yangu yote.

Mwaka 1295 aliingia katika utumishi wa bwana wetu, mmoja wa wale saba wanaomchagua mfalme, ambaye jina lake silitaji kwa sababu mnamjua na karani wake anasikia. Kazi ya mabwana hao ni kuahidiana kura, na kwa kuwa hawaaminiani hata chembe, kila ahadi huwekewa wadhamini, watu kama kaka, ambao huweka mkono juu ya kisanduku cha mifupa ya mtakatifu na kuapa kwamba bwana wao akigeuka, wao wataingia katika nyumba ya wageni iliyotajwa mkatabani, wala hawatatoka nje ya lango la mji huo wakiwa hai, hadi jambo litengenezwe au upande wa pili uwafungue kwa barua. Mara ya kwanza, mwaka 1303, alikaa siku tisa tu, mambo yakatengenezwa, akarudi amenenepa, akaniambia, "Hertwin, kumbe kuapa kuna nyama!" na hilo ndilo lililomponza.

Alifunga ndoa na shemeji Lukardis tarehe 7 Mei 1305, wakajaliwa watoto wawili, Emmerich, aliyefariki akiwa na miezi minne, na huyu Gude, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1308.

Tarehe 24 Juni 1314, katika bustani ya miti ya mijozi kando ya mto Rhine, bwana wetu alimwahidi bwana mwenzake kwamba watampigia kura mtu mmoja, wadhamini wakiwa wanne, na Oktoba ilipofika, mnakumbuka wenyewe, tulipata wafalme wawili katika siku mbili, na kura ya bwana wetu ilikwenda kwa yule ambaye haikuahidiwa kwake. Basi tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin, kaka aliingia hapa Oberwesel, katika nyumba ya wageni ya Mama Mechtild, akiwa na shati moja tu la kubadilisha, maana alikuwa amefungasha ya siku tisa. Wenzake wawili walishikwa na homa za ghafla wakaenda kwao, wa tatu alimleta mtumishi akae badala yake, mtumishi naye akatoroka na mpishi, na kufikia Pasaka kaka alikuwa peke yake mezani.

Kura iliyokwisha pigwa hairudi mkononi, ndugu zangu, kwa hiyo palibaki njia moja tu, barua ya kumfungua, lakini bwana wetu alisema yeye hakuvunja chochote, hivyo hana la kumwombea mtu, na yule mwenzake akasema hawezi kumfungua mtu asiyeombewa, nami nikayabeba maneno hayo juu na chini ya mto mara thelathini na moja, hata farasi wangu akafia njiani kwa uzee. Wafalme wenyewe walipigana, mmoja akamkamata mwenzake, mwisho wakapatana, nikamwambia kaka, "Wale wanakula meza moja siku hizi, wewe bado unakaa kwa ajili ya nani?" akanijibu, "Si kwa ajili ya mtu, mdogo wangu. Niliapa."

Mwezi Septemba 1323 shemeji Lukardis aliugua sana huko Ellernbach, mwendo wa saa mbili tu kwa miguu, Gude akaja mbio, akamvuta mkono, "Baba, lango liko wazi, hata mlinzi hakuna, twende, mama anakuita!" Kaka alishuka naye mpaka langoni, akasimama, ncha ya kiatu ikigusa jiwe la kizingiti, akalia mbele ya wauza samaki, kisha akageuka akarudi ndani. Shemeji alifariki tarehe 19 bila yeye, na ruhusa ya siku mbili ililetwa siku ya arobaini baada ya maziko. Gude hakuikanyaga nyumba ile kwa zaidi ya miaka minne, mimi sikumlaumu, na baba yake hakumlaumu.

Januari mwaka huu wa 1328 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, na tarehe 20 Februari Gude alikuja bila kuitwa, akamwosha miguu, habari ya lango hawakuigusa. Asubuhi ya tarehe 3 Machi aliiangalia mikono yangu kwa muda mrefu, akasema, "Watakuja na kisanduku, Hertwin. Usiweke mkono." Nikamwambia, "Mbona wewe uliweka?" Akasema, "Ndiyo maana nakwambia." Kabla ya adhuhuri alikata roho, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, kumi na mitatu na ushee kati ya hiyo akiwa kwenye chumba kimoja.

Familia inamshukuru kinyozi Gobelin aliyemuumika damu bila kuchoka, Mama Mechtild aliyemwita mgeni wake mpaka mwisho, na wauza samaki wa langoni, ambao tangu siku ile hawakumtania tena. Wadhamini wenzake nawashukuru kwa kufika, naona homa zimepona.

Sasa karani. Mkataba unasema mdhamini akifa, ndugu yake wa karibu ataapishwa badala yake ndani ya siku thelathini, na jana karani huyu alinipa pole, akauliza kama kitanda bado kipo, akaomba tumalize leo hapa kanisani kwa kuwa kesho anasafiri. Karani, rudi na kisanduku chako. Si ushujaa, nimechoka tu, na bwana wetu akitaka kukichukua kishamba chetu cha mizabibu kwa ajili hiyo, akichukue.

Wabebaji, tutapita lango la wauza samaki, njia ya Ellernbach, shemeji amengoja vya kutosha. Kaka, uliapa kwa uhai wako na uhai umekwisha, hudaiwi neno na mtu yeyote, kapumzike kwa amani kando ya mkeo. Mikono yangu naitoa mgongoni sasa, kwa kazi moja tu, nishike jeneza upande wa kichwa.