Methusela Matonya, Mwandika Namba za Magari

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasoma mimi Ruthu, binti wa Castory, ambaye ni mdogo wake marehemu.

Baba Mkubwa Methusela Matonya alizaliwa Mlali tarehe 12 Machi 1938, akasoma hapo hadi darasa la nne, na mwaka 1957 akaja Dodoma mjini kujifunza uchoraji wa mabango, ndipo alipoanza kuandika namba za magari kwa brashi. Alifunga ndoa na Mama Mkubwa Evelina huko Buigiri tarehe 6 Juni 1964, wakajaliwa watoto wanne, ambao wote walikua wakigombezwa kuhusu nafasi kati ya herufi.

Mashirika ya umma yalipoanza kuuza magari, yeye alifuta SU nyingi za mji huu, herufi za magari ya mashirika, akaandika TZ za magari ya watu binafsi. Alikuwa na sharti moja, kwamba haandiki kibao kipya mpaka umletee cha zamani akikate vipande viwili kwa mkasi wa bati mbele yako, ili namba moja isitembee kwenye magari mawili, na watu walinung'unika lakini walileta.

Sharti hilo alilivunja mara moja, mwaka 1991, kwa baba yangu, aliyesema kibao chake kimedondoka njia ya Kondoa, naye Baba Mkubwa akamwamini kwa kuwa ni wa tumbo moja. Kibao kipya kikakamatwa kwenye gari la wizi, likitembea kwa namba ya gari la baba, Baba Mkubwa akaitwa mahakamani akasema kweli, baba akafungwa miaka miwili, na alipotoka hawakusalimiana tena, jambo lililotuumiza sana nyumba zote mbili.

Kisukari kilimwanza mwaka 1995, na Julai 1998 akalazwa. Tarehe 2 Agosti baba alifika wodini na kitu kilichofungwa kwenye gazeti, nacho kilikuwa kile kibao cha zamani, ambacho hakikuwa kimedondoka popote, alikificha chini ya kihenge cha nafaka miaka yote tangu kesi ile. Baba Mkubwa akaagiza mkasi wake uletwe kutoka nyumbani, na kwa kuwa nguvu zilikuwa zimemwishia, baba akaweka mikono juu ya mikono yake wakakata pamoja, naye akasema, "Castory, shika vizuri, usije ukajikata." Alifariki tarehe 5 Agosti, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliovumilia kelele za bati wodini, majirani, na madereva mliosimamisha kazi leo. Nusu ya kibao iko kwa Mama Mkubwa, nusu iko kwetu.

Baba Mkubwa, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani.