Gwamaka Nelson Mwakatobe, Aliyeinusa Kakao Mwenyewe (1988–2025)

Wapendwa waombolezaji, wasifu huu nausoma mimi Elizabeth, dada yake mkubwa.

Marehemu Gwamaka alizaliwa Ikolo tarehe 14 Machi 1988, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Nelson na mama yetu Kisa. Alisoma shule ya msingi Ikolo, sekondari Kyela mjini, na mwaka 2012 alihitimu shahada ya sayansi ya chakula mjini Morogoro.

Mwaka 2017 aliacha ajira akaanzisha kampuni yake ya kununua kakao mbichi kwa wakulima, kuivundika kwenye makasha na kuikausha. Aliajiri watu, lakini kuamua kama kakao imevundika vya kutosha hakumwachia yeyote. Aliinusa mwenyewe, kasha kwa kasha.

Tarehe 5 Oktoba 2019 alifunga ndoa na Atupele. Sherehe ikiwa imepamba moto, bwana harusi akatoweka. Alirudi baada ya saa nzima, suti inanuka siki, kumbe alikwenda kugeuza kakao iliyokuwa ikivunda makashani. Mshereheshaji akatangaza alikotoka, nasi ukumbi mzima tukapiga makofi.

Kuanzia mwaka 2023 usingizi ulimpaa. Akawa mkali, akisahau hata majina ya wafanyakazi wake. Februari 2025 alianguka kazini. Daktari mjini Mbeya alikuta shinikizo la damu limepanda mno, akamwambia kazi imemchosha kupita kiasi, apumzike miezi mitatu.

"Daktari, kakao haina likizo," alijibu Gwamaka.

Atupele hakubishana naye, alimpeleka Ngana, kwa wakwe zake Gwamaka. Kule alilala, akala ndizi, akaanza tena kucheka.

Siku ya kumi na moja tulikwenda kumjulia hali, ndugu na wakulima, magari mawili. Baada ya salamu za "Ugonile" na chai, nikasema mimi: "Mdogo wangu, umenawiri. Watu wanakusubiri."

Atupele akasema, "Dada, mwacheni kwanza."

Sikumsikiliza. Gwamaka aliondoka nasi jioni ile, kesho yake akarudi kwenye kakao. Naliungama hili mbele yenu, na linaniuma.

Alifariki kwa kiharusi tarehe 9 Juni 2025, akiwa na miaka 37.

Ameacha mjane, watoto wawili, Bryson na Catheline, wazazi, ndugu wanne na wafanyakazi kumi na mmoja. Atupele ameniomba niwatangazie kwamba kampuni itaendelea, kila mfanyakazi atakuwa na siku yake ya mapumziko, na siku hiyo asipigiwe simu na mtu yeyote, nikiwemo mimi.

Bwana akupe, mdogo wangu, pumziko nililokunyima.