Mwenyekiti Aliyeigawa Barabara

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, na kwa kuwa wengi wenu mlimwita Sogeza Kidogo hata mbele ya wakwe zake, sitawasumbua na jina jingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa fundi cherehani, wakati hapa tulipokaa palikuwa mashamba matupu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1971, akajifunza useremala, akaajiriwa kwenye karakana ya samani ya serikali hadi ilipofungwa mwaka 1999. Tarehe 6 Septemba 1980 alimuoa shemeji yangu, mkunga aliyemzidi akili na hasira, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2001 madaraka yaliposhushwa kutoka jiji hadi mitaani, na ruhusa ya kujenga ikawa mikononi mwa mwenyekiti na kamati yake, alichaguliwa bila kupingwa, maana kila mtu alijua hana moyo wa kumnyima jirani. Mji ulikuwa unatujia mbio, vijana wanaoa, wapangaji wanatafuta vyumba, na kila aliyeomba kuongeza chumba upande wa barabara aliambiwa asogeze kidogo tu, wataelewana. Hongo hakula, hata chai alikunywa kwake. Shemeji alimwonya kwamba barabara inageuka kichochoro, naye akamjibu kwamba ujirani ni kufaana.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019. Jumanne iliyopita alasiri alianguka uani, gari la wagonjwa likaja upesi, likakwama kona ya kwanza, machela nayo ikagoma kukata kona ya pili, tukambeba mgongoni kwa kupokezana, akafariki kabla hatujaiona barabara kuu. Zamu ilikuwa yangu, na pumzi yake ya mwisho niliisikia shingoni mwangu.

Familia inamshukuru daktari na dereva waliomngoja, na maseremala wenzake waliochonga jeneza hili. Tunawashukuru nanyi majirani, ambao asubuhi ya leo, bila kuombwa na mtu, mmebomoa kuta zenu wenyewe ili jeneza lipite bila kuinamishwa. Njia imepatikana, kaka, pana kabisa, na ingepatikana Jumanne leo tungekuwa tunakuuguza. Pumzika kwa amani, mtoto wa mama.