Sweta za Watoto wa Narman

Wasikilizaji wapendwa, mnaokunywa chai na mnaofua, acheni kwanza. Leo namkumbuka Rispa Akoth wa mtaa wa Jericho hapa Nairobi, mfumaji wa sweta. Tulimzika juzi. Na niseme wazi: nina hasira.

Oktoba mwaka wa 1983 redio ilitangaza tetemeko la ardhi mashariki mwa Uturuki. Narman, wilaya ya milimani. Rispa hakuwahi kuisikia. Akaenda kwa jirani yake, Mwalimu Wekulo, akamwambia afungue atlasi.

Mwalimu akamweleza. Milima mitupu, theluji ya kufunga barabara. Nyumba za mawe, paa zimerundikiwa udongo mzito ili joto lisitoke. Paa hizohizo ndizo zilizowaangukia watu asubuhi ya Jumapili. Historia nayo haikuwahurumia. Vita baada ya vita, Warusi wakaichukua wilaya hiyo kwa miaka arobaini, ikarudi kwa Waturuki. Watu wanakimbia, wanarudi, wanajenga tena.

Rispa aliuliza jambo moja tu: "Na watoto wanavaa nini?"

Akawakusanya akina mama wa kanisa lake. Wakafuma kwa masalio ya uzi wa sweta za shule, maruni na kijani. Rispa akataka mikono mirefu, ipite vidole. "Glavu hatuna," alisema. "Mkono wa sweta utafanya kazi ya glavu." Wakamcheka: sweta gani hii, ya nyani? Akawajibu, "Chekeni, lakini fumeni."

Magunia yakajaa. Mwenyekiti wa kamati ya kanisa, Mzee Zedekiah, akayapokea mbele ya madhabahu, akayaombea. Baada ya wiki chache akatangaza kwamba yamefika Narman. Kanisa zima likapiga makofi.

Yamefika wapi? Nawauliza, yamefika wapi?

Julai, baridi ya Nairobi ilipokaza, mtoto wa mwenyekiti aliingia ibadani na sweta ya maruni na kijani, mikono imekunjwa mara tatu. Kesho yake Rispa akaenda sokoni. Lo! Zimetundikwa, zinauzwa! Njia ya mwongo ni fupi, jamani.

Jumapili iliyofuata alisimama katikati ya ibada. "Mzee Zedekiah, Narman imehamia Jericho lini?"

Mnadhani mwenyekiti aliondoka? Thubutu! Alibaki kitini. Rispa ndiye aliyefukuzwa chama cha akina mama, ati kamvunjia mzee heshima. Heshima! Binti yake, Phelister, aliniambia: "Mama hakulilia chama. Alikuwa akisema tu, 'Niliwaahidi watoto wa watu.'"

Sasa juzi, kaburini, nani alisoma risala? Zedekiah! Ati dada yetu mpendwa aliwavika wahitaji hadi Uturuki. Pale niliuma ulimi kwa sababu ya wafiwa. Leo siumi.

Phelister na familia yote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mama yenu alitimiza ahadi yake, sisi ndio tulioivunja.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, sweta ya Rispa haichakai upesi. Najua nyingine bado zinavaliwa, wadogo wamerithi kwa wakubwa. Asubuhi ya leo, ukimvisha mwanao, itazame mikono. Ukijikuta unaikunja mara tatu, kaa chini. Kuna mtoto mlimani aliyepimiwa sweta hiyo, na hakuivaa.