Rudi kwa Mzazi

Kijiwe cha Gogoni, pale Kibondo mjini karibu na wauza mihogo, kina benchi moja tu: gogo la mkaratusi lililolalia mawe mawili, na ukikaa vibaya suruali inakuumbua. Asubuhi ile ya mwaka 2014 Yusuph Fundi Simu alikaa vibaya wala hakujali. Alikuwa amepewa kazi ya heshima, kutia Kiswahili kwenye programu ya afya inayowekwa katika simu za kupangusa za manesi wa vijijini. Ndani yake kuna mada kubwa, kama Homa, chini yake mada ndogo, Homa ya Mtoto, na chini yake tena Dawa. Kwa Kiingereza mada ya juu huitwa mzazi na ya chini mtoto, naye akaandika hivyo hivyo, kisha akajisifu mtaa mzima. Simu chache za kijiji cha Busunzu zilishaonja maneno yake. Sasa wakubwa walitaka jibu kabla ya adhuhuri, yabaki au yabadilike, maana mchana yanaingizwa kwenye simu zote za Kasulu. Moyoni Yusuph alishaamua yabaki. Kijiweni alifuata sifa tu.

— Hebu soma tena hicho kitufe cha mwisho, alisema Longinus, aliyewahi kuwa mjumbe wa nyumba kumi. Cheo kilimtoka zamani, jina la Mjumbe likagoma kumtoka.

— "Rudi kwa mzazi." Yaani uko kwenye mada ndogo, unabonyeza, unarudi kwenye mada kubwa. Mambo si hayo?

— Hapana. Mzazi siku hizi hana mamlaka. Tumia serikali. Mada kubwa iwe Mkoa, ya pili Wilaya, halafu Kata, halafu Kijiji. Nani atapotea hapo?

— Mimi! alidakia Tharsisi seremala, ambaye kijiwe kilimbatiza Kabati. Nimelala Kibondo, naamka naambiwa shamba langu liko Wilaya ya Kakonko. Na sijasogea! Je, mada ndogo nayo ikiamka wilaya?

— Itapewa gari la serikali, alijibu Mjumbe.

Wakacheka. Abdalah muuza kahawa akazungusha vikombe.

— Jibu ni kabati, aliendelea Tharsisi. Mada kubwa Kabati, ndani yake Droo, ndani ya droo Kijaluba. Unavuta, unaona, unafunga.

— Ufunguo anakaa nao nani? aliuliza Mjumbe.

— Mganga mkuu.

— Basi wagonjwa watafia nje ya kabati!

Niyibizi, mchuuzi wa ndizi, akajikohoza. Wazazi wake walitoka Burundi, naye uraia wake wa Tanzania huutaja hata kabla hujamuuliza.

— Mimi kama raia, nasema mgomba. Shina moja kubwa, machipukizi chini yake. Huku nani hana mgomba?

— Lakini mgomba ukishazaa unakatwa, alisema Yusuph.

— Ego, ndiyo! Unakatwa.

— Kwa hiyo nikifungua Dawa, Homa inakatwa?

— Sasa wewe dawa ulidhani kazi yake nini?

Mjumbe nusura aanguke na kikombe. Yusuph naye alicheka hadi machozi, na raha ya ushindi ikamjaa, maana hapakuwa na neno lililolifikia lake. Akaandika ujumbe wa wakubwa: "Yabaki." Kidole kilikuwa kinaelekea kuutuma, bodaboda ikasimama mbele yao, akashuka mwanamke mwenye matope hadi magotini.

— Fundi wa maneno ya kwenye simu ndiye nani?

— Ndiye mimi, dada. Karibu kahawa.

— Sikai. Naitwa Ghati, nesi wa Busunzu. Kuna mama kule, Epifania, kajifungua salama. Nimemtembelea, nimejaza taarifa, simu ikaniandikia "Rudi kwa mzazi". Nikarudi.

Yusuph akateremsha simu. Katika zahanati yoyote mzazi ni mwanamke aliyetoka kujifungua, na hilo alilijua tangu utotoni.

— Ukarudi... kwake?

— Na mvua ile! Nikampima, mzima. Mtoto mzima. Nikajaza. "Rudi kwa mzazi." Nikarudi tena.

Mabega ya Kabati yakaanza kutikisika. Mjumbe akaziba mdomo kwa kofia. Ghati hakucheka.

— Jana nimemkuta mlangoni analia. Halali. Usiku kucha anampakata mtoto, anaogopa kumlaza. Anasema nesi hawezi kurudirudi bure, kuna kitu mmekiona mnanificha. Kaniuliza, nami nawauliza ninyi: hiyo simu imeona nini kwa mtoto wake?

Kabati akaangalia kucha zake. Mjumbe akairudisha kofia kichwani.

— Yoo, alisema Niyibizi polepole.

Abdalah akainamisha birika, yakatoka machicha matupu. Yusuph, uso ukimwaka kwa aibu, akafuta "Yabaki" na kuandika: "Ondoeni mzazi. Wekeni Rudi nyuma, basi." Akautuma, akasimama.

— Dada Ghati, tubanane mishikaki kwenye hiyo bodaboda. Nitamwambia mwenyewe.

— Utamwambiaje?

Yusuph akapanda pikipiki, akarudi kwa mzazi.